Vibandiko Vilivyobaki Vikavu

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumanne, nilimaliza kubandika kibandiko cha mwisho kifuani kwa Spesioza, nikawasha kinasa mapigo, nikasubiri taa yake ya kijani imemete. Ilimemeta. Tangu dakika ile kila pigo la moyo wake liliandikwa mpaka saa kama hiyo kesho yake. Nimewavalisha watu wengi mashine hiyo, Kasulu na baadaye Kibondo, na nyuso za wengi zimenitoka. Wa Spesioza haujanitoka. Ninyi mnaobaki na kinasa kile, ningependa mjue habari zake kabla hamjamvalisha mtu mwingine. Lakini itabidi nianzie mbali kidogo.

Niliingia hospitalini kama mhudumu wa wodi, nikiwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo sitaziandika hapa. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ndoo, dekio na funguo za stoo ambayo haikuwa na kitu. Wodi ya wanaume ilikuwa chini ya Sista Konsolata, muuguzi mnene, mwenye sauti ndogo, ambaye alivaa saa yake kifuani badala ya mkononi. Wiki ya pili alinikuta nimeshika kifundo cha mkono cha mzee mmoja, midomo yangu ikihesabu. Nilidhani nitafukuzwa. Akaniuliza nimehesabu muda gani. Nikamwambia robo dakika, halafu nikazidisha kwa nne, kama nilivyowaona wauguzi wakifanya.

"Hesabu dakika nzima," alisema. "Moyo ukiwa na tabia mbaya, utaionyesha kwenye zile robo tatu ulizozibuni."

Hayo ndiyo mafunzo yangu ya kwanza, na mpaka leo sijapata yaliyo bora. Alininunulia daftari, akanionyesha pa kushika na jinsi ya kutokandamiza, akaniacha nijifunze kwa wagonjwa waliokubali. Wengi walikubali. Mgonjwa wa wodini hana shughuli nyingi.

Ilipoletwa mashine ya mezani ya kupima umeme wa moyo, hakuna aliyekuwa na muda nayo, kwa hiyo ikawa yangu. Ilikuja na kitabu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea ruhusa darasani, na kitabu kile hakikuwa kinaomba ruhusa. Nilikisoma na kamusi, ukurasa mmoja kwa jioni, nikichora mistari ya moyo nyuma ya kalenda za zamani. Baadaye nilipelekwa kozi fupi, nikarudi na cheti cha pili, ambacho alama zake ningeweza kuziandika, lakini tuyaache hayo.

Mashine ya mezani ina kasoro moja ambayo si kosa lake. Inauona moyo kwa sekunde chache tu, tena mtu akiwa amelala kitandani, ametulia, ameshikwa na baridi ya spiriti. Mtu anayeanguka shambani mara moja kwa mwezi hawezi kuangukia kitandani kwetu kwa kutufurahisha. Ndiyo maana nilifurahi daktari mmoja mgeni, aliyekuwa akihudumia kambi za wakimbizi, alipomaliza mkataba wake akatuachia kinasa mapigo. Kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea, kikitoa nyaya zinazokwenda kwenye vibandiko vya kifuani. Mgonjwa hukivaa kiunoni, akaenda nacho nyumbani, akalala nacho, akakirudisha kesho yake. Mkoba wake wa asili ulikatika mkanda mapema. Fundi cherehani wa sokoni Kasulu alinishonea miwili ya kitenge, mmoja wa maua na mmoja wa kuku. Wagonjwa walikiita redio. Nilijaribu kuwasahihisha kwa mwaka mmoja, kisha nikaanza kukiita redio mimi mwenyewe.

Niwape mambo machache ya mkono. Ngozi isuguliwe kwa shashi kavu baada ya spiriti, mpaka iwe nyekundu kidogo, la sivyo kibandiko kitang'oka. Wanaume wenye nywele kifuani wanyolewe, wasiombwe radhi. Wanawake wabandikwe mbele ya muuguzi mwanamke, na pazia livutwe kabla mtu hajafungua kifungo. Betri iwe mpya kila mara, hata kama ile ya jana inaonekana bado ina nguvu. Saa ya kinasa huhesabu Kizungu, kwa hiyo mgonjwa akisema saa nne, tafuteni kumi. Na msishangae mkiona vibandiko viwili au vitatu vimelegea wakati wa kurudishwa. Wakulima wetu hutoka jasho. Rekodi ya mkulima huwa na vipande vyenye mikwaruzo, mstari ukirukaruka kwa jasho na mwendo, na nilikuwa nikiichukia mikwaruzo hiyo.

Rekodi iliyotuchekesha kuliko zote ilikuwa ya muuza dagaa wa Mabamba. Alirudi kwao na redio kiunoni, akapanda baiskeli kwenda mpakani kufuata mzigo, na huko mgambo wakaziona nyaya chini ya shati. Walimketisha chini muda mrefu wakimwuliza anawasiliana na nani ng'ambo. Alipowaambia anawasiliana na moyo wake, walimwongezea muda. Dakta Zainabu, daktari wetu kijana kutoka Tanga, aliiona rekodi akanyanyua nyusi: mapigo yalipanda ghafla, yakavurugika kabisa, yakatulia baada ya saa moja hivi. Ugonjwa tulioutafuta ulikuwa pale, wazi, kwa hisani ya mgambo. Yule bwana alianzishiwa dawa na bado anauza dagaa. Tulicheka, wala hatukujiuliza ugonjwa ule ungeonekanaje kama angelala kwake siku ile.

Kila aliyevaa redio alipewa karatasi ya maelekezo. Niliitafsiri mimi, na Dakta Zainabu akaipitisha. Usioge. Usivute nyaya. Ukisikia vibaya bonyeza kitufe. Chini kabisa, sentensi niliyoipenda kuliko zote kwa jinsi ilivyotulia: Endelea na shughuli zako za kila siku kama kawaida.

Sasa Spesioza. Alikuwa mama wa watoto wanne, mkulima wa Makere, wa familia zilizotoka Burundi miaka mingi iliyopita na ambazo sasa ni raia kama mimi. Alikuwa ameanguka mara tatu katika miezi michache, na mara zote jembe lilikuwa mkononi. Giza, kisha chini, kisha anaamka watu wamemzunguka. Zahanati ya kwao ilimtuma kwetu. Mashine ya mezani haikuona kitu. Dakta Zainabu alimsikiliza kwa makini, akaagiza avae redio, na akamwambia mume wake, Laurenti, jinsi mambo yatakavyokwenda. Redio ikinasa mapigo mabaya, ataandika barua ya kwenda hospitali kubwa Mwanza. Isiponasa, watamwongezea damu kwa vidonge na kumwangalia. Laurenti alisema majirani wameshaanza kuchanga nauli na matibabu ya Mwanza, kwa hiyo barua ikiandikwa wataondoka wiki hiyo hiyo.

Nilipokuwa nikifunga mkanda, Spesioza aliutazama mkoba wa kuku.

"Muganga, hii redio yako inashika stesheni gani?"

"Yako tu."

"Basi itachoka. Kwangu ni jembe na watoto, hakuna muziki."

Muuguzi alicheka, mimi pia. Nilimsomea karatasi yote kwa sababu alisema macho yake yanachoka na maandishi, na sentensi ya mwisho niliirudia. Aende akalime kama siku zote. Akaitikia. Ulikuwa msimu wa kuinua matuta ya mihogo, mvua za kwanza zimeshalainisha udongo, na niliwaza moyoni kwamba hatungepata siku nzuri zaidi.

Kesho yake alirudi na Laurenti kwa wakati. Nilimfungua mbele ya muuguzi, nikakuta jambo ambalo sikuwa nimelikuta kwa mkulima hata mmoja. Vibandiko vyote vilikuwa mahali pake. Kingo zake zilikuwa kavu, hazijainuka hata kidogo, kama nilivyoviacha. Nilimsifu. Nilimwambia muuguzi kwamba hivi ndivyo mgonjwa anavyotakiwa kutunza vifaa. Nikamwuliza Spesioza nyumbani palikuwaje.

"Palikuwa pazuri," alisema. "Watu walikuja."

Nami nikadhani walikuja kumjulia hali.

Aliuomba ule mkoba wa kitenge akaufue, kwa kuwa alilala nao na aliona haya kuurudisha hivyo. Nikamwambia hakuna haja. Akasisitiza. Nilikuwa na wa pili wa maua, nikamwachia.

Rekodi ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kutoa. Hakuna mikwaruzo. Mapigo yalikwenda kwa utulivu mchana kutwa, yakashuka usiku kama yanavyopaswa, kukiwa na mapigo machache ya ziada ambayo hata mimi na ninyi tunayo. Dakta Zainabu aliipitia yote, hakuruka mahali. Aliniuliza kama mama huyu alifanya kazi. Nikamwambia aliagizwa alime na ni msimu wake. Akaandika kwamba hakuna mapigo mabaya yaliyoonekana, akampa vidonge vya kuongeza damu, akamwambia arudi akianguka tena. Spesioza alifumba macho akasema Imana ishimwe, Mungu asifiwe. Laurenti alitushika mikono sote, hata yule muuguzi ambaye hakuwa amefanya kitu ila kuvuta pazia.

Hazikupita wiki nyingi, Laurenti alisimama mlangoni kwangu peke yake. Alikuwa ameshika mkoba wa kuku, umefuliwa, umekunjwa mara nne. Nilimsalimia nikamwuliza mama hajambo. Aliuweka mkoba mezani kwanza, akaunyoosha kwa kiganja.

"Alisema urudi ukiwa safi," alisema. "Tumemzika Ijumaa."

Nilimvutia kiti. Alikaa, akaeleza kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Alianguka akilima. Safari hii hakuamka. Nikamwuliza kama ilikuwa shambani kwao. Akasema hapana, kwa Nyamwiza, jirani yao.

"Alikuwa analipa."

"Analipa nini?"

"Ile siku ya redio."

Sikuelewa. Akanieleza jambo ambalo mtu yeyote wa Makere angenieleza kama ningeuliza. Mtu akitoka hospitalini na nyaya mwilini, majirani hawamwachi ashike jembe. Nyamwiza alipita nyumba kwa nyumba mara tu mgonjwa alipofika nyumbani, na kabla ya adhuhuri watu walifika na majembe. Kwao huita ikibiri: wengi hulima shamba la mmoja, na mmoja huyo baadaye huzunguka akilima kwa kila aliyekuja. Walimkalisha Spesioza kwenye mkeka kibarazani, wakamletea uji, watoto wakakatazwa kumsumbua. Aliwaambia muganga amesema alime. Wakamcheka. Mwanamke mmoja alimwambia kwamba hakuna muganga mwenye akili anayemwambia mgonjwa alime, labda alisikia vibaya. Kufikia jioni matuta yote yalikuwa yamesimama.

"Hakushika jembe kabisa?" niliuliza.

"Hata ndoo ya maji hatukumwachia."

Niliviona tena vile vibandiko, vikavu, kingo zimelala.

"Halafu mkamwambia moyo ni mzima," Laurenti aliendelea, bila ubishi wowote katika sauti. "Sasa mtu mzima atakaa vipi na watu wamemlimia? Akaanza kuzunguka. Alilima kwa huyu, kwa huyu. Alifurahi, muganga. Alikuwa akisema deni linapungua. Kwa Nyamwiza ndiko palikuwa mwisho."

Aliniuliza swali moja tu kabla ya kuondoka: ile redio ilisikia nini? Nikamwambia ilisikia moyo wa mtu aliyepumzika. Alitikisa kichwa polepole, akanishukuru, akaenda kutafuta usafiri wa kurudi Makere.

Nilimpelekea Dakta Zainabu habari ile. Aliifungua tena picha ya rekodi kwenye kompyuta. Hakunilaumu, wala mimi sikumlaumu. Tulifuata utaratibu wote. Karatasi ile iliandikwa kwanza na watu wa mbali, kwa ajili ya mtu anayefunga mlango wake akaishi siku yake peke yake, na mimi niliitafsiri neno kwa neno kwa watu ambao siku ya mmoja wao ni ya majirani pia. Sentensi niliyoipenda ilikuwa sahihi kwa lugha, ila nilikuwa nimemwagiza mtu mmoja jambo lisilokuwa mikononi mwake.

Tangu hapo nilibadilisha namna ya kufanya kazi. Sikumvalisha mtu redio mpaka nimekaa na aliyemsindikiza, na nikimaliza na msindikizaji nilipiga simu kwa jirani au mzee wa kanisa au mwenye duka wa karibu. Niliwaambia kwamba kwa siku moja hiyo huruma yao waiweke kando. Haikuwa kazi rahisi. Nilipohamishiwa Kibondo pamoja na redio nilimvalisha fundi mmoja wa kupasua mbao, jirani na barabara ya kwenda Nduta, naye alinipigia simu mchana akasema ndugu zake wameuficha msumeno. Nilikwenda kwa bodaboda. Nilikuta watu sita wamekaa wanamlinda.

"Wewe ndiye unayemtuma mgonjwa kwenye mbao?" shangazi yake aliniuliza. "Mshahara wako unalipwa na mwenye majeneza?"

Nilimwambia sijui, nitauliza. Nilieleza, nikaeleza tena, mpaka kijana wa bodaboda akaanza kunisaidia kueleza. Mwishowe msumeno ulitoka chini ya kitanda. Yule fundi alipasua mbao huku shangazi amesimama pembeni akisali kwa sauti ya kutosha mimi kusikia. Vibandiko viwili vililegea kwa jasho. Katika mikwaruzo ile, tuliyaona mapigo mabaya, yaliyodumu chini ya dakika moja. Alikwenda Mwanza. Yuko hai, na shangazi huniamkia Mwakeye tukikutana sokoni, ingawa kwa ubaridi.

Habari za fundi huyo zinanifurahisha, na kila zinaponifurahisha nakumbuka kwamba namna ile ya kufanya kazi niliijifunza Makere.

Nimestaafu mapema kwa hiari, miguu yangu haiwezi tena sakafu ya saruji. Wiki iliyofuata kustaafu kwangu nilikwenda Makere. Laurenti alikuwa amekwenda mnadani, kwa hiyo nilielekezwa kwa Nyamwiza. Ni mwanamke wa umri wangu, mrefu, mwenye mikono ya kazi. Alinipa kigoda, akaketi kwenye mkeka, akaendelea kumenya mihogo. Tulizungumza mvua na bei ya maharage. Kisha kisu kikasimama.

"Ndugu, nikuulize jambo ambalo Laurenti hawezi kukuuliza."

"Uliza."

"Tungemwacha alime siku ile, redio ingesikia?"

Nilikuwa nimelitarajia swali lile tangu siku mkoba uliporudishwa. Moyo ule ungeweza kutulia siku ile hata angelima kutwa. Ungeweza pia kutuonyesha kila kitu. Kumwambia ndiyo kungekuwa kumtwisha jambo nisilolijua, na kumwambia hapana kungekuwa uongo.

"Huenda," nilisema.

Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyepewa majibu ya kipimo aliyoyategemea.

"Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba."

Nilimwambia kwamba hata mimi, kama ningekuwa jirani, ningefika na jembe.

"Ungefika," alisema. "Naye angekuja kukulipa."

Alimenya mhogo mmoja mpaka mwisho. Halafu akaniambia habari ya mchango wa Mwanza, ambayo sikuwa nimeiuliza. Yeye ndiye aliyekuwa akizishika fedha. Siku walipotoka kwetu na majibu mazuri, Spesioza mwenyewe aliwaita watu uani, akasimama, akasema moyo wake ni mzima na hataki kula fedha za safari isiyokuwepo. Walipiga vigelegele. Kila mtu aliitwa kwa jina akarudishiwa chake, na wengine walizipeleka moja kwa moja kwenye mbegu. Siku ya msiba walitazamana, hakuna aliyekuwa nazo tena.

Nilimwuliza zilikuwa zimefika kiasi gani. Hakuhitaji kufikiri.

"Hakuna hata mia iliyopotea," alisema. "Laki mbili na elfu themanini na tano."